Kabla ya Kununua Nyama ya Pori, Tuulize



Juma hili tunataka kuongea juu ya nyama ya pori, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Mwezi uliopita mmoja wetu wa Katuba alikuwa anaoza binti yake. Familia ya bwana harusi inapenda nyama ya pori, na sisi tukasema karamu bila nyama hiyo itakuwa haya. Wanaume watatu wakakodi jeep, wakashika barabara ya Kasenga mpaka kijiji kimoja ambako kuna mzee anayeongoza wawindaji. Asubuhi walipoondoka, tuliwasindikiza mpaka kwenye kibao cha barabara na kuwaambia kwa kicheko: “Musirudi mikono mitupu!”

Baada ya siku tatu walirudi na swala wawili. Tukatandika majani uani, tukaleta beseni na visu. Mama aliyepasua swala wa pili alisimamisha kisu. Ndani mulikuwa mtoto, mwenye manyoya tayari, kwato zake laini kama kucha za mtoto mchanga. Hakuna aliyesema kitu. Kati yetu kulikuwa mmoja mwenye mimba ya miezi saba. Aliinuka akaingia nyumbani.

Tukawauliza wanaume: muongozi hakuona? Wakaangaliana. Kumbe aliona. Alimwambia mwenye bunduki: “Bwana, huyu iko na mimba. Tumuache.” Lakini mafuta ya jeep yalikuwa yamelipwa, siku ya tatu inaisha, na swala mmoja tu alikuwa garini. Mwenye bunduki akajibu kwamba bamama wanangojea. Mzee akapokea franka zake, akanyamaza.

Ndivyo tulivyojua kwamba ule mchezo wetu wa barabarani ulifika mpaka porini.

Mama mmoja mzee wa shirika letu, binti ya mwindaji, alitueleza namna baba yake alivyofanya kazi. Alikuwa anainama kusoma nyayo. Kama kando ya kwato kubwa kuna kwato ndogo, alirudi nyumbani, hata kama watoto wake watakula bukari na lenga-lenga tu. Alisema: ukiua mama leo, mwaka kesho utawinda nini?

Siku zile zile, mwenzetu mwingine alimpigia simu mtoto wake anayeishi Toronto, kule Kanada. Kijana akamwambia kwamba alienda na watu wa kazini kuwinda dubu mweusi, na muongozi mbele yao. Kwetu Afrika dubu wa porini hakuna, basi mama akataka kujua yote. Walikaa juu ya jukwaa mtini, karibu na chakula kilichowekwa kumvuta mnyama. Jioni dubu akatokea. Kijana akainua bunduki; muongozi akaishusha kwa mkono, akasema: ngoja. Wakangoja. Nyuma ya yule dubu wakatoka watoto wawili. Hakuna aliyepiga. Kijana alirudi bila nyama, na amelipa pesa zote, lakini hakuna aliyemcheka.

Huko Ontario jambo hili limeandikwa katika sheria. Mwaka wa 1999 serikali ya jimbo ilifunga uwindaji wa dubu wa wakati theluji inapoyeyuka, kwa sababu watu walihofia watoto wanaobaki yatima. Mtoto wa dubu anazaliwa katikati ya baridi kali, na anamfuata mama yake karibu mwaka mmoja na nusu, baba hamlei. Uwindaji huo ulirudi kwa majaribio mwaka wa 2014, na moja kwa moja mwaka wa 2021, lakini dubu jike mwenye watoto haruhusiwi kuuawa wakati huo.

Sisi pia tuko na sheria. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka mwindaji awe na ruhusa, na inataja wanyama wanaolindwa. Katika mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka wa 1939, na ile ya Kundelungu, ya mwaka wa 1970, hakuna kuwinda kabisa. Upemba ndiko wanabaki punda milia wa mwisho wa inchi yetu. Kuko pia swala wa maji ambaye wataalamu walimpa jina lake mwaka wa 2005, na hapatikani pengine popote duniani. Mnyama wa namna hii akiisha kwetu, ameisha.

Lakini askari wa mbuga hawezi kusimama kando ya kila chungu. Kwenye chungu tunasimama sisi. Ndiyo maana katika mkutano wa Jumamosi tulipatana hivi:

Kwanza, karamu za shirika letu zitapikwa kwa mbuzi, kuku ao samaki. Mgeni akiuliza nyama ya pori iko wapi, tutamjibu bila haya.

Pili, anayenunua nyama ya pori sokoni aulize imetoka wapi, ni mnyama gani, na kama mwindaji yuko na ruhusa. Muuzaji akikasirika, tuache nyama yake.

Tatu, wanaume wetu wakienda kuwinda kwa ruhusa, tuwaambie mbele ya watoto: musikilize muongozi. Anajua pori kuliko mwenye bunduki. Akisema “tumuache”, mumuache.

Binti yetu aliolewa vizuri, aksanti kwa Mungu. Ile nyama ya swala wa pili sisi hatukuila. Na safari nyingine mtu wa kwetu akienda porini, tutamsindikiza mpaka barabarani kama desturi, lakini tutamwambia: “Hata ukirudi mikono mitupu, bukari utakuta.”