Hospitali Ikue Kuanzia Kwenye Benchi

Mwezi huu hatutazungumzia ugonjwa mmoja kama ilivyo kawaida ya ukurasa wetu. Tutazungumzia jambo linalogusa magonjwa yote, yaani namna hospitali zetu zinavyokua, na nani anayepaswa kuongoza ukuaji huo.

Sisi watu wa Kilimanjaro tumebahatika. Tunazo hospitali za jimbo letu kule Kibosho, Kilema na Huruma ya Rombo. Ndugu zetu Walutheri wana za kwao Machame na Marangu. Mjini ipo Mawenzi ya Serikali, na juu kidogo ya mji ipo KCMC inayopokea wagonjwa wa kanda yote ya kaskazini. Hospitali inapojenga wodi mpya, sote tunafurahi. Parokia zinachangia, utepe unakatwa, picha zinapigwa.

Lakini sisi wauguzi tunaona jambo ambalo halipigwi picha. Wagonjwa walio wengi hawalali wodini kabisa. Huja asubuhi, hukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, huonana na tabibu, huchukua dawa dirishani na kurudi nyumbani. Benchi hilo linazidi kurefuka mwaka hadi mwaka, kwa sababu magonjwa yenyewe yamebadilika. Zamani tulipambana zaidi na malaria, kuharisha na vichomi: mtu hulala siku chache, hupona, huenda zake. Siku hizi wanakuja wenye shinikizo la damu na kisukari. Hao hawahitaji kitanda. Wanahitaji kupimwa na kupata dawa kila mwezi kwa maisha yao yote.

Msidhani haya ni magonjwa ya mjini au ya matajiri tu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika utafiti wa kiharusi katika wilaya yetu ya Hai na jijini Dar es Salaam. Ilionekana kwamba hata huku Hai, kwenye vihamba, watu walipatwa na kiharusi kwa kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri, na Dar es Salaam walizidi. Shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi, na shinikizo la damu hutibiwa kwa vidonge, mtu akiwa nyumbani kwake.

Sasa tazameni yanayotokea mara nyingi. Mama wa miaka 60 anayeishi juu karibu na msitu anaamka alfajiri, anatembea hadi barabarani, analipa nauli, anafika hospitali na kukaa benchi hadi saa nane mchana. Anaonana na tabibu ambaye hakumwona mara iliyopita, wala cheti chake cha zamani hakionekani. Anapewa dawa za wiki mbili. Mwezi unaofuata nauli hakuna, na kwa vile hasikii maumivu yoyote, anaacha. Baada ya miezi sita analetwa amebebwa, mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Hapo ndipo tunamtafutia kitanda. Kitanda hicho kimejaa kwa sababu benchi lilishindwa kazi yake.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: hospitali inayopanuka ipimwe kwanza kwa jinsi inavyowahudumia wagonjwa wa nje, na mganga mfawidhi awe mstari wa mbele katika kazi hiyo yeye mwenyewe.

Wengine watasema, kwa nini daktari? Si kuna katibu wa hospitali na matroni? Ni kweli, hospitali ya misheni husimama juu ya mafiga matatu, na mafiga mawili hayaivishi chungu. Katibu anajua fedha, matroni anajua uuguzi. Lakini ni daktari anayeweza kuamua kwamba mgonjwa wa presha aliyetulia aendelee kupewa dawa na muuguzi wa zahanati ya kijijini kwake, na kwamba yule ambaye presha yake haishuki apelekwe hospitali mara moja. Daktari asipoweka utaratibu huo kwa maandishi na kuja kuona unavyokwenda, muuguzi wa zahanati ataogopa, naye atamwambia kila mtu, "Nenda hospitali." Hivyo ndivyo benchi linavyorefuka.

Mifano mizuri tunayo hapa hapa Moshi. KCMC ilifunguliwa mwezi Machi 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na leo ina vitanda zaidi ya 600. Hata hivyo, baadhi ya kazi zake kubwa zimefanyika nje ya vitanda hivyo. Mwaka 1992 palianzishwa hapo kituo cha kufundisha tiba ya magonjwa ya ngozi, mkuu wake wa kwanza akiwa Dk. Henning Grossmann. Hakujifungia ndani kutibu ngozi za watu mmoja mmoja. Kituo kiliwafundisha matabibu na wauguzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wakarudi kwao kutibu wagonjwa wa nje waliokuwa hawajawahi kumwona mtaalamu wa ngozi. Kutoka kituo hicho pia zilianza kliniki za kuwafuata watu wenye ualbino vijijini, na baadaye kutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua.

Huduma ya macho nayo ilifuata njia hiyo. Wataalamu walipanga siku maalumu za kwenda vijijini, wakapima watu, na wenye mtoto wa jicho wakachukuliwa kwa gari hadi hospitali kufanyiwa upasuaji. Kikongwe aliyekaa gizani kwa miaka mingi akaona tena, kwa sababu wataalamu walimfuata.

Tena ukimwi umetufundisha. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, zilianzia katika hospitali kubwa mikononi mwa madaktari. Kama zingebaki hapo, wengi wangekufa njiani. Zilishushwa hadi vituo vya afya na zahanati, wauguzi wakafundishwa, kila mgonjwa akawa na kadi yake na tarehe yake. Hapa kwetu akina mama wa KIWAKKUKI, walioanza mwaka 1990, walikuwa tayari wanawatembelea wagonjwa majumbani. Basi, kama tuliweza kwa ukimwi, kinachotuzuia kwa presha na kisukari ni nini?

Yapo mambo mawili yanayosemwa kupinga. La kwanza, madaktari ni wachache. Ni kweli, lakini kwa sababu ni wachache ndiyo maana wafundishe. Daktari akikaa peke yake chumbani atawaona watu wachache kwa siku. Akiwafundisha matabibu na wauguzi kumi, hesabu inageuka. Tangu mwaka 2024 Serikali imekuwa ikipeleka madaktari bingwa katika hospitali za halmashauri kwa siku chache. Ni jambo jema, ila bingwa akishaondoka, mgonjwa hubaki na zahanati yake. Lazima awepo wa kumfuatilia.

La pili ni fedha. Tangu uchangiaji ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, wananchi wamezoea kwamba matibabu yana gharama, na hospitali za misheni hazina budi kulipa mishahara na kununua dawa. Upasuaji na kulaza huingiza zaidi kuliko kupima presha. Hatulikatai hilo. Lakini mgonjwa wa kiharusi asiye na uwezo naye huiacha hospitali na deni, na kuiacha familia bila shamba. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kupanga upya. Tusiisubiri bima kwa kujenga wodi tu.

Tunapendekeza basi yafuatayo. Mganga mfawidhi akae na wagonjwa wa nje asubuhi mbili kila juma, matabibu wakiwa pembeni yake wakijifunza. Kila mwezi atembelee zahanati walau moja. Mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu. Anayerudishwa nyumbani apewe barua ya kupeleka zahanati yake. Nazo kamati za hospitali zimpunguzie mikutano, ili apate muda wa kufanya hayo.

Nanyi familia za parokia mna sehemu yenu. Kila mtu mzima apimwe presha walau mara moja kwa mwaka, na akionekana na 140 kwa 90 au zaidi arudi kupimwa tena siku nyingine. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuwaalika wauguzi kupima baada ya Misa. Anayetumia dawa asiziache kwa kuwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazitumia. Wala msiidharau zahanati kwa kuwa haina bingwa. Na mtakapoombwa tena mchango wa jengo jipya, changieni kwa moyo, kisha mwulizeni kwa heshima mganga mfawidhi: je, wale wa benchi tumewapangia nini?