Baridi Haidumu bila Fundi

Kila linapozungumzwa suala la uvuvi visiwani kwetu, kilio huwa ni kile kile: mashine ya barafu imeharibika, fundi hayupo, samaki wameoza. Dawa inayopendekezwa nayo ni ile ile: inunuliwe mashine mpya. Sisi tunaamini kwamba dawa hiyo peke yake haitoshi, na historia ya kiwanda kimoja cha Uingereza inatuunga mkono.

Mwaka 1785 mhunzi John Hall alifungua karakana mjini Dartford, jimbo la Kent. Riziki yake ilitokana na kutengeneza mitambo mibovu ya viwanda vya jirani, vikiwamo vya karatasi. Karne moja baadaye karakana hiyo, iliyokwisha kuitwa J & E Hall, ilikuwa ikiunda mitambo ya kugandisha nyama melini.

Miongoni mwa waliofaidika mapema ni watu wa visiwa. Huko Falkland kondoo walikuwa tele, lakini nyama yao haikuwa na soko. Wengi walichinjwa kwa ajili ya ngozi na mafuta tu. Mwaka 1886 meli Selembria, iliyofungwa mtambo wa Hall, ilifikisha Uingereza kondoo 30,000 waliogandishwa. Kilichokuwa kikitupwa kikawa mali.

Baadaye kiwanda hicho kiliunda mashine zinazotumia hewa ya ukaa, zilizopendwa melini kwa kuwa hewa hiyo haishiki moto. Gesi za freoni zikazisukuma kando, mpaka ilipobainika kwamba zinaharibu tabaka la ozoni, ndipo Mkataba wa Montreal ukafikiwa mwaka 1987. Mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza pia gesi zilizozirithi, kwani huongeza joto duniani. Leo hewa ya ukaa imerejea kazini. Hall nacho kingali hai, ingawa sasa ni mali ya kampuni ya Daikin ya Japani. Gesi zimebadilika na wenye mali wamebadilika, ufundi umebaki.

Basi tunawaomba wahusika serikalini: kila inaponunuliwa mashine ya barafu, litengwe na fungu la vipuri na la kuwafunza vijana wa kisiwa hicho hicho kuitunza. Nao vijana wasiidharau spana. Usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi tumekwisha jenga kuta nyingi mno, huku samaki wetu wakiozea pwani.