Miaka 47 ya Kumnyima Adam Small

Tusipongezane. Akademi ya Sayansi na Sanaa ya Afrika Kusini ilipompa Adam Small, mwandishi wa Kiafrikaans, Tuzo ya Hertzog kwa tamthilia zake, mwaka 2012, watu walipiga vigelegele kana kwamba wakubwa wale wamefanya hisani. Hisani ipi? Kanna hy kô hystoe, tamthilia inayomrudisha Kanna nyumbani, ilitoka 1965, mtunzi akiwa kijana wa miaka 28. Walipomkumbuka alikuwa mzee wa miaka 75, na ikabidi masharti yalegezwe ndipo apewe, maana tuzo ile hulenga kazi za karibuni. Walichelewa hadi wakapitwa na kanuni zao wenyewe.

Na tuzo yenyewe imebeba jina la nani? La Jenerali Hertzog, waziri mkuu ambaye mwaka 1936 serikali yake iliwafuta Waafrika kwenye daftari la kawaida la wapiga kura wa Jimbo la Cape. Desemba ya mwaka uleule Small akazaliwa Wellington, mtoto wa mwalimu, katika kundi ambalo serikali ililibandika jina la machotara. Zamu ya kundi lake kufutwa nayo ilikuja, miaka ya hamsini.

Nasikia watetezi wa Akademi wakisema wakosoaji wa zamani hawakuielewa kazi yake. Uongo. Waliielewa barabara. Kanna ni yatima aliyelelewa na Mama Makiet katika ufukara. Ndiye mwenye akili, kwa hiyo nyumba nzima inajinyima ili asome. Anakuwa mhandisi, anahamia Kanada, na anakuja kumzika Makiet tu. Huku nyuma watoto wa Makiet wameangamia: Kietie amebakwa, na Diekie amenyongwa kwa kumuua mwanamume aliyekuwa akimuuza Kietie. Wafu na walio hai wanazungumza jukwaani, nyakati zimechanganyika, na kila mmoja anamuuliza Kanna kwa namna yake: ulikuwa wapi? Swali hilo halikumhusu Kanna peke yake. Mzungu aliyekaa kwenye kiti cha mbele naye aliulizwa, na alijua kwamba anaulizwa.

Kilichowakera zaidi ni kinywa cha Makiet. Anasema Kaaps, Kiafrikaans cha wavuvi, madobi na vibarua wa Cape Town, ambacho wenye lugha zao safi walikizoea katika vichekesho tu. Small alikataa katakata kwamba ni utani. Watu huzaliwa katika lugha hiyo, alisema, na hufia humo. Akaitumia kwa msiba, kwa sala, kwa hasira, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

Maana walinzi wa usafi walikuwa na siri ya kuficha. Kiafrikaans hakikushuka kutoka Uholanzi kikiwa kimevaa suti. Kilipikwa Rasi ya Tumaini Jema na Wakhoi pamoja na watumwa waliotolewa Indonesia, Bara Hindi, Madagaska na Msumbiji, wakiwamo watu wa pwani hii yetu ya mashariki. Kabla wazungu wa Paarl hawajaunda chama chao cha kuitetea lugha hiyo mwaka 1875, watoto wa madrasa za Cape Town walikuwa wakiiandika kwa herufi za Kiarabu. Kitabu cha fikihi cha Abu Bakr Effendi kilichapwa Istanbul 1877, kwa Kiafrikaans, kwa herufi hizohizo. Msomaji aliyewahi kuona utenzi wa Kiswahili ulioandikwa kwa khati ya Kiarabu hahitaji kuelezwa zaidi. Wale waliokuja baadaye walijenga mnara wa lugha Paarl, kisha wakawacheka wajukuu wa walioiunda.

Mwaka uleule Kanna ilipochapishwa, serikali ilipiga marufuku watu wa rangi mbalimbali kukaa pamoja kwenye ukumbi wa maonyesho bila kibali. Mwaka uliofuata District Six, mtaa wa Cape Town, ilitangazwa kuwa ya wazungu. Watu zaidi ya 60,000 wakaja kuhamishwa, nyumba zikasagwa na matingatinga. Mwaka 1971 jumba la Nico Malan lilifunguliwa Cape Town kwa wazungu peke yao, na likabaki hivyo hadi 1975. Kwa hiyo msiniambie habari za ubora wa fasihi.

Wenzake waliopinga ubaguzi nao hawakumwacha apumue: kwa nini unaandika lugha ya mkandamizaji? Mwaka 1973, wanafunzi wakiwa katika mgomo, aliondoka Chuo Kikuu cha Western Cape alikofundisha falsafa, na mwaka 1975 akatoa beti za Kiingereza. Baada ya damu ya wanafunzi wa Soweto waliokataa kufundishwa kwa Kiafrikaans, 1976, ilikuwa rahisi kukitupa Kiafrikaans moja kwa moja. Yeye akarudi nacho, akaandika tamthilia ya Krismis van Map Jacobs mwaka 1983. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa jingine lolote, kwa sababu kuwaachia Makaburu lugha ya bibi yako ni kuwapa zawadi ambayo hata wao hawakuthubutu kuiomba.

Alifariki Juni 2016. Mwaka 2021 mradi wa kamusi ya Kaaps ulizinduliwa. Waliouanzisha ni watafiti wa Western Cape, chuo kilekile kilichojengwa kuwatenga machotara, wakishirikiana na vijana wa hip-hop wa Cape Flats. Wale wenye kutoa Tuzo ya Hertzog walikuwa na miaka 47 ya kuifanya kazi hiyo.