Nyota iliyovutwa na jirani yake, na setilaiti iliyorushwa Malindi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, roketi ilipaa kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, na jina likawa la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta miale ya eksirei angani, ile ile inayotumika kupiga picha mifupa hospitalini. Angahewa letu huizuia miale inayotoka kwenye nyota, hivyo ilibidi kifaa kitoke nje.

Mwaka 1971 Uhuru iligundua jambo katika kundinyota la Kantarusi. Kitu kinachoitwa Cen X-3 kilikuwa kinadunda kila baada ya sekunde 4.8, na kila siku mbili na saa mbili hivi kilizimika kwa muda, kisha kikarudi. Maana yake kilikuwa kinazunguka nyota kubwa na kujificha nyuma yake. Kitu chenyewe ni nyota ya nyutroni: uzito wa jua zima na zaidi, umeshindiliwa ndani ya upana wa kilomita 20 hivi. Huishi kwa kufyonza gesi ya jirani yake.

Lakini jirani huyo ni nyota ipi kati ya maelfu yaliyo upande ule? Jibu lilitoka kwa Wojciech Krzemiński wa Poland mwaka 1974, na hakutumia eksirei. Alipima mwanga wa kawaida, akapata nyota moja ambayo mwanga wake ulipanda na kushuka kidogo sana, mara mbili katika kila mzunguko wa siku mbili na saa mbili. Muda ulilingana kabisa na ule wa Uhuru.

Kwa nini mara mbili? Chukua parachichi, lishike kwa urefu wake mbele ya macho, ulizungushe taratibu. Ukilitazama ubavuni ni kubwa, ukilitazama kwenye ncha ni dogo. Katika mzunguko mmoja utauona ubavu mara mbili na ncha mara mbili. Nyota ile imevutwa na jirani yake mzito mpaka imepoteza uduara. Haifi wala haizimiki; inatugeuzia pande zake tu.

Mwanga huo ukiunganishwa na mdundo wa eksirei, wanaastronomia hukadiria uzito wa nyota zote mbili. Mdundo hukazana nyota ikija kwetu na kulegea ikienda, kama honi ya lori inavyobadilika likikupita kwenye barabara ya Tunduma.

Sisi jambo hili tunalitazama hivi. Jina lilikuwa letu na pwani ilikuwa yetu, lakini walioongoza uchambuzi wa takwimu walikuwa Marekani, na kiongozi wao, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. San Marco haijarusha setilaiti tangu 1988. Aprili 2023, Kenya ilipopeleka Taifa-1 angani, ilibidi ikairushie California.

Kurusha roketi ni gharama kubwa. Kupima mwanga wa kawaida ni kazi nyingine: inataka darubini ya wastani yenye kamera, giza, na mtu mwenye subira ya kurudia usiku baada ya usiku. Giza vijiji vya Ileje vinalo. Tena hapa tuko karibu na ikweta. Cen X-3 iko kusini mno, Ulaya haionekani kabisa. Cygnus X-1, ambako shimo jeusi linazungukana na nyota kubwa kila siku 5.6, iko kaskazini. Kutoka Itumba zote mbili hupanda juu ya upeo.

Mvua zikikatika, mwezi Mei, tazama kusini saa tatu usiku uutafute Msalaba wa Kusini. Cen X-3 iko kulia kwake. Kwa macho matupu hutaiona, ila ndipo ilipo.