Jina la Kanga na Jina la Mgodi

Mwanamke anayekwenda Darajani kununua kanga hutazama kwanza rangi na nakshi, kisha huuliza jina. Akikuta jina halimsemei, au linamsemea kwa mtu asiyetaka kugombana naye, huirudisha doti juu ya meza hata iwe nzuri vipi. Wafanyabiashara wa Pwani waliijua siri hii zamani. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak pale Mombasa, ambayo kanga zake zajulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", ilielewa mapema kwamba maneno machache ya Kiswahili chini ya nakshi huuza kitambaa kuliko uzi wake. Kwa hiyo asitokee mtu kuwaambia watu wa visiwani kwamba utangazaji wa biashara ni elimu iliyoletwa juzi na televisheni.

Tofauti ni moja, nayo ndiyo chanzo cha hoja hii. Jina la kanga huandikwa kwa lugha ya mnunuzi, naye hulisoma, hulicheka, hulipima, na akitaka hulikataa. Zipo biashara nyingine ambazo jina lake huandikwa kwa ajili ya mtu aliye mbali, na wale wanaoishi chini ya kivuli cha jina hilo hawaulizwi hata kwa adabu. Mfano ulio wazi kuliko yote katika Tanzania ni mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, mkoani Shinyanga.

Msomaji wa kisiwani ana haki ya kuuliza Bulyanhulu yahusu nini na kurasa za ushairi. Yahusu hivi: dhahabu ile huchimbwa kwa mitambo, lakini humilikiwa kwa maneno, na maneno ndiyo mali ya washairi na wafasiri. Wameiacha mali yao ikitumiwa na wengine, na hawajadai kodi.

Yatazamwe majina yenyewe. Mwaka 1994 leseni ilipewa Kahama Mining Corporation, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Kanada. Mwaka 1999 Barrick, nayo ya Kanada, ikainunua Sutton. Mgodi ukaanza kuzalisha mwaka 2001. Mwaka 2010 migodi ya Barrick iliyoko Tanzania ikakusanywa chini ya jina la African Barrick Gold, na hisa zake zikaingia katika soko la London. Novemba 2014 jina hilo likavuliwa, likavaliwa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikanunua hisa za Acacia zilizokuwa mikononi mwa wengine, Acacia ikatoweka, na ikaundwa pamoja na Serikali kampuni iitwayo Twiga Minerals, ambamo Serikali ina asilimia 16. Shimo ni lile lile. Mwamba ni ule ule. Mzee wa Kakola aliyekuwa akitazama lango la mgodi ule tangu ujana wake ameona nguo nyingi zikivuliwa na kuvaliwa kuliko bibi harusi wa Unguja.

Watasema: jina ni jina tu. La hasha. Kama lingekuwa jina tu, isingelipwa fedha kulibadilisha. Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi za polisi katika mgodi wa North Mara, uliokuwa chini ya kampuni hiyo hiyo; mwaka 2013 wanakijiji wakafungua kesi London; Novemba 2014 jina African Barrick likafa; Februari 2015 kesi ikamalizwa kwa suluhu nje ya mahakama. Kampuni ilikuwa na sababu zake za kubadili jina na ilizieleza. Hapa hakuna anayedai kuzijua siri za vikao vyake. Miaka lakini imepangika yenyewe, na msomaji ajuaye kuhesabu mizani ajua pia kuhesabu miaka.

Na kwa nini Acacia? Mti huo una jina la Kiswahili, nao ni mgunga, mti wa miiba ambao kila mchungaji wa Usukuma anaujua kwa nyayo zake. Kama kampuni ingejiita Mgunga, watu wa Kakola na Bugarama wangelisoma jina lile mara moja, wangelicheka, wangesema lina miiba au lina kivuli. Wangefanya lile afanyalo mnunuzi wa kanga. Lakini jina halikuwa lao. Lilikuwa la mnunuzi wa hisa wa London, ambaye akisikia Acacia huona picha ya mbuga, jua likizama na mti mmoja wenye mwavuli, picha ambayo mabango ya utalii yamekwisha kumfundisha kuipenda. Twiga, kwa upande wake, ni neno la Kiswahili, na kwa hilo wastahiki shukrani waliolichagua. Chakula apendacho twiga ni majani ya mgunga. Ikiwa aliyelichagua jina alikusudia, basi ana kipaji cha tungo ambacho kimepotelea ofisini. Ikiwa hakukusudia, Kiswahili kimemtania.

Kabla ya majina ya kampuni yalikuwapo majina ya watu. Bulyanhulu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa rashi: maelfu ya wachimbaji kutoka kila pembe ya nchi, wakiwa na sururu, kamba na matimba ya kuzuia kifusi. Hao waliitwa wachimbaji wadogo, na jina hilo lilikuwa na heshima yake, kwani mdogo ni mtu mwenye nafasi katika nyumba. Agosti 1996 walihamishwa kwa amri ya Serikali, na mashimo yao yakafukiwa. Katika muda usiozidi muhula mmoja wa shule, mtu yule yule, mwenye sururu ile ile, alikuwa amekwisha kuwa mchimbaji haramu. Hakubadilika yeye, lilibadilika neno. Na neno likishabadilika, lililobaki huwa kazi ya matingatinga.

Yalizuka madai kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali na kampuni zilikanusha. Chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, kilitaka uchunguzi huru, na kanda ya video ikawa kiini cha mabishano. Novemba 2001 polisi walizipekua ofisi za chama hicho, na baadaye Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu wa LEAT, pamoja na mwanasiasa Augustine Mrema, wakashtakiwa kwa uchochezi. Ofisi ya Benki ya Dunia inayopokea malalamiko, iliyoingia katika jambo hili kwa sababu MIGA, taasisi ya benki hiyo, ilikuwa imeudhamini mgodi, ilisema mwaka 2002 kwamba haikuona msingi wa madai ya vifo. Hoja ya makala hii si kuamua kati yao. Hoja ni kwamba ugomvi mzima uligeuka kuwa wa kanda: nani ameirekodi, nani anayo, inaonyesha nini. Waliokuwapo kwenye mashimo wakawa mashahidi wa pembeni katika kisa chao wenyewe, kwa kuwa hawakuwa na kamera.

Kisha ukaja mwaka 2017, na safari hii kamera ilikuwa ya dola. Machi mwaka huo Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wa mchanga wa madini, na makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei Profesa Abdulkarim Mruma, na tarehe 12 Juni Profesa Nehemia Osoro, walisoma ripoti za kamati zao Ikulu mbele ya televisheni. Nchi nzima ikakaa kitako. Maduka ya vinyozi yakageuka darasa la jiolojia, na neno makinikia, ambalo aghalabu hakuna aliyekuwa amelisikia, likaingia vijiweni kabla halijaingia kamusini.

Neno hilo lastahili kituo. Kiingereza hutumia neno moja kwa kukaza akili na kwa kuzidisha nguvu ya kitu kwa kukipunguzia kisichotakiwa. Yaonekana aliyefasiri alikamata mkia wa kwanza akauacha wa pili, akaliendea neno makini, akazaa makinikia. Mchanga ukapewa akili. Lilikuwa kosa la kawaida la ufasiri, na makosa ya namna hiyo mara nyingi huishi kuliko usahihi; hakuna haja ya kulifukuza neno. Lakini iangaliwe lilifanya kazi gani. Waliosema "mchanga" walimfanya msikilizaji aone wizi wa wazi: kwa nini mchanga usafirishwe ng'ambo? Waliosema "makinikia" walimfanya aone jambo la kitaalamu, lisilomhusu asiyesoma. Kati ya maneno mawili hayo, hapakupatikana mtu wa kumweleza kwa utulivu kwamba kitu chenyewe ni unga wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kuchujwa, wenye dhahabu, fedha na shaba ndani yake, na kwamba ubishi halisi ni kiasi gani, nani anapima, na kwa mizani ya nani.

Julai 2017 kampuni ilidaiwa kodi, riba na adhabu za dola bilioni 190. Tarakimu hiyo haikueleweka kwa yeyote, kwa hiyo watu wakaitafsiri kwa lugha waliyonayo: kila Mtanzania atapata gari aina ya Noah. Ulikuwa utani, lakini kwa baadhi ya watu ulikuwa pia ndoto, na hakuna tangazo la biashara lililowahi kuuza Noah kwa kasi ile. Makubaliano yaliyofikiwa na kutiwa saini Januari 2020 yalikuwa na malipo ya dola milioni 300, yaani chini ya sehemu moja katika mia sita ya dai la mwanzo, pamoja na zile hisa asilimia 16 na ahadi ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Huenda ni makubaliano mema kuliko yote yaliyotangulia. Lakini dai lilitangazwa kwa ngoma na suluhu ikaelezwa kwa mnong'ono wa wahasibu, na katikati ya hayo mawili Bulyanhulu yenyewe ilipunguza kazi kuanzia Septemba 2017, vibarua wakarudi makwao, na mama lishe wa Kakola wakabaki na sufuria. Kamera haikwenda kuwatazama.

Wasidhaniwe watu wale kuwa mabubu. Uchimbaji wa Geita na Kahama una Kiswahili chake, na ni Kiswahili kizuri: duara ni shimo, karasha ni mtambo wa kusagia mawe, mwalo ni pale yanaposafishwa. Simu ilipofika waliipokea vivyo hivyo. Kampuni za simu nazo zilibadilisha nguo, Celtel ikawa Zain mwaka 2008 na Airtel mwaka 2010, Tigo ikawa Yas mwaka 2024, na mchimbaji akabaki na namba yake na maneno yake: vocha, kubip, kurusha salio. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kijana aliyeko duarani humtumia mamaye fedha bila kupanda basi. Huuliza kwa simu hiyo hiyo bei ya dhahabu ya siku, na tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita Machi 2019, mnunuzi hawezi tena kumtajia bei iliyofia njiani. Chombo hicho kilipewa majina na wenyeji, na ndiyo maana kinawatumikia.

Basi washairi wako wapi? Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka waieneze siasa mpya, na Mathias Mnyampala na wenzake wa UKUTA wakaitikia kwa ngonjera. Nyingi zilikuwa dhaifu, kwani utii si mwalimu mwema wa vina, lakini msikilizaji alimjua anayezungumza na kwa nini. Leo kina kinauzwa kwa tangazo la sabuni au la kifurushi cha simu, bila jina la mtunzi, na mtunzi anafurahi kwamba halikutajwa. Kundi la pili ni baya zaidi: wale wenye kusema kwamba ushairi ni mapenzi na mawaidha, mambo ya soko yaachiwe magazeti. Hao wamesahau kwamba Muyaka bin Haji aliimba vita na bandari na unafiki wa wakubwa wa Mombasa, na kwamba Abdilatif Abdalla alifungwa kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya karatasi iliyouliza nchi yaenda wapi. Watawala hawajawahi kuliona neno kuwa pambo.

Kazi yenyewe si ngumu, wala haihitaji ushujaa wa jela. Yachukuliwe maneno machache yanayotawala maisha ya Bulyanhulu, yajadiliwe katika kurasa za mapitio haya kama yajadiliwavyo mizani na vituo. Lianze "mwekezaji": ameweka nini, kwa mkopo wa nani, na aliyeweka ardhi na makaburi ya babu zake aitwaje? Lifuate "msaada". Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, mwenye leseni ya madini anawajibika kisheria kuandaa kila mwaka mpango wa kuchangia maendeleo ya jamii inayomzunguka, kwa kukubaliana na serikali ya mtaa. Bango likisimamishwa mbele ya darasa jipya na kuandikwa kwamba ni msaada wa mgodi, bango hilo limefasiri vibaya, na mfasiri yeyote aliyepita hapo akanyamaza ameshiriki. Neno sahihi lipo, ni fupi, linaenea kwenye ubao ule ule, na mkazi wa Bugarama hana haja ya kufasiriwa: deni.