Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu Si Pambo

Chuo kikuu kikibanwa na uhaba wa mabweni, macho huelekea upesi kwenye bustani ya mimea. Hoja zimezoeleka: miti tunayo porini, misitu ya hifadhi ipo, picha za kila ua zimo kwenye simu, na maharusi wanaokwenda kupiga picha pale watapata pengine. Kwa mtazamo huo bustani ni pambo la chuo, na pambo halipewi kipaumbele mbele ya shida. Wenye hoja hii si wajinga wala si maadui wa mazingira. Ila wamekosea kuhusu kazi ya bustani, na kosa hilo lina gharama.

Tuanze na chimbuko la bustani za aina hii. Bustani ya Chuo Kikuu cha Padova, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 kutokana na juhudi za mwalimu wa tiba, Francesco Bonafede. Wakati ule dawa nyingi zilitokana na mimea, na wauzaji walibadilisha mzizi huu kwa ule, wengine kwa kutojua, wengine kwa hila. Aliyeumia ni mgonjwa. Wanafunzi wa udaktari walihitaji mahali pa kuuona mmea wenyewe, ukiwa hai na umethibitishwa na mwalimu. Oxford nayo ilianzisha yake mwaka 1621 kwa ajili ya mafunzo ya tiba. Bustani hizi zilizaliwa kama vyombo vya kupambana na udanganyifu na makosa.

Haja hiyo ingali nasi. Katika masoko yetu magome na mizizi huuzwa ikiwa imekwisha kusagwa, na unga hauna jani wala ua la kuutambulisha. Taasisi ya Dawa Asilia iliyopo Muhimbili, ambayo mizizi yake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1974, huchunguza dawa za aina hii. Lakini uchunguzi wa maabara, hata uwe makini namna gani, hauna thamani kama haijulikani kwa hakika ni mmea gani uliochunguzwa. Sampuli zilizokaushwa na kutunzwa vyuoni husaidia sana. Mmea hai husaidia zaidi, kwa kuwa utaurudia msimu hadi msimu, ukachukua jani changa, jani pevu, ua, tunda na gome kutoka kwenye mti uleule.

Na simu je? Picha huonyesha ua siku lilipochanua. Haikupi harufu ya jani lililofikichwa, wala rangi ya utomvu gome linapokwanguliwa, na mara nyingi hizo ndizo alama anazozitegemea mtaalamu mti usipokuwa na ua. Safari ya porini humfundisha mwanafunzi mengi, lakini humpa msimu mmoja tu. Bustani ndiyo inayomwezesha kuufuatilia mti kutoka mbegu hadi mbegu.

Hoja ya misitu ya hifadhi inahitaji jibu zito zaidi. Uchukue mti uitwao Erythrina schliebenii, wenye miiba na maua mekundu, wa kusini mashariki mwa Tanzania. Ulikusanywa na wanasayansi katika miaka ya 1930, kisha ukatoweka machoni mwao hadi mwaka 1998 ukaorodheshwa kimataifa kuwa umekwisha duniani. Mwaka 2001 ukaonekana tena katika kipande cha msitu ambacho hakikuwa hifadhi. Eneo hilo likafyekwa kwa shamba la mimea ya mafuta, na hofu ikarudi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliupata tena mwaka 2011, ikiwa imebaki miti michache tu. Mti huu haukuokolewa na ramani ya hifadhi, kwani ulikuwa nje yake. Kwa mti wa namna hiyo, miche iliyooteshwa kutoka kwa miti mama kadhaa na kutunzwa mahali pengine ni kinga ya lazima. Haichukui nafasi ya msitu, maana msitu una wachavushaji na udongo wake, ila inazuia moto mmoja au shoka moja lisifunge habari yote.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni Amani, katika Usambara Mashariki. Huko Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902, pamoja na bustani kubwa ya mimea, ili kutumikia mashamba ya kikoloni. Baadhi ya mimea iliyoletwa kutoka nje, kama Clidemia hirta, ilitoroka na kuvamia msitu wa asili. Ukweli huu haukanushiki. Lakini unahukumu bustani inayopanda bila kuangalia mpaka wake, na ni sababu ya chuo cha leo kuanza na mimea ya nchi yake na kuufuatilia kwa karibu kila mmea mgeni unaoingia.

Kinachoitofautisha bustani ya chuo na uwanja wenye miti ni daftari: namba ya mmea, mahali mbegu ilipotoka, mti mama, tarehe na jina la mkusanyaji. Bila hayo, bustani ni kama duka la dawa lenye chupa zisizo na lebo. Basi vyuo vyetu vina wajibu. Daftari liwe kamili, vibao viandikwe kwa Kiswahili pamoja na jina la kisayansi, na mtunza bustani alipwe kama mtaalamu. Bustani isiyo na daftari ipewe daftari kabla ya kupewa hukumu.

Mabweni ni haki ya wanafunzi, na jengo likikosa kiwanja hiki litapata kingine au litaongezwa ghorofa. Mkusanyiko wa mimea uliofuatiliwa kwa miongo minne hauhamishiki. Ukifyekwa, miaka hiyo yote itaanzwa upya kwenye mbegu, ikiwa mbegu bado zipo.