KIBABA KILICHOTOBOKA



Hapa Kesses twasikia mabwana wa kazi wakilalamika kwamba wafanyakazi wema hawapatikani. Sisi twauliza: wakipatikana, hutunzwa? Kijana huandikwa asubuhi, hulipwa jioni, na kesho husimama tena mlangoni. Akiisha kujua kushindilia kokoto chini ya mataruma, huambiwa kazi imekwisha. Kisha huletwa mwingine asiyejua kushika sururu.

Jambo hili si geni. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli waligoma Mombasa siku 12 wakidai mshahara wa kutosha. Katika miaka ya 1950 bandari ile ilianza kupunguza ukibarua wa siku moja moja.

Leo sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Basi, ndugu, kila mmoja aandike siku zake katika daftari, na mwenzake ashuhudie.

Mwajiri naye akumbuke: haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.